Kibarua cha Kubandua

Bi Mwanawetu, fungua. Nimekuja na tindo.
Nimekuja kubandua nilichobandika.

Mwaka ule wa mvua ya siku tisa
uliniita ukasema ukuta unamung'unyika,
na mimi, cheti cha VETA bado kikinuka wino,
nikakuagiza saruji, mifuko kumi na minne.
Ukauza korosho zako kangomba, zingali ua mtini.
Nikaupaka ukuta wa babu yako
kama anayemvisha mgonjwa koti la mvua
kitandani, homa ikiwa juu.
Ukang'aa. Mikindani nzima ikapita ikisema, hii sasa nyumba!
Nikalipwa, nikaondoka.

Sikujua kuwa jiwe la matumbawe hunywa.
Hunywa masika, hutema kiangazi,
na chokaa juu yake ni ngozi, ina vinyweleo.
Saruji haina pa kutolea jasho.
Maji yakaingia kwa juu, penye ufa,
yakakosa mlango wa kutokea,
yakalala humo humo miaka minne
hadi boriti zikalainika, muhogo wa kuchemsha.
Usiku wa tufani dari likashuka
chumba cha watoto.
Watoto walikuwa Nanyamba, kwa shangazi yao.
Nalirudia neno hilo kila nikiamka:
Nanyamba. Nanyamba.

Nilimfuata Somoe Nantipi, muuza mihogo,
aliyepiga sakafu za mapaa akiwa msichana.
Nilikwenda na daftari. Hakunieleza kitu.
"Shika kigongo," akasema. Nikashika.
"Si hivyo, unaua nyoka?"
Akanipokonya, akapiga yeye,
kidogo kidogo, mkono ukiruka kama wa mpika chapati,
na kile alichokuwa amekisahau mdomoni
kikatoka begani.

Basi nimechoma tanuu.
Mawe ni ya nchi kavu, ya kuchimbua shambani,
yaliyo hai baharini nimeyaachia samaki wao.
Kuni ni mikorosho iliyouliwa na mnyauko.
Siku mbili moto, siku ya tatu kimya,
mawe yakatoka mepesi, meupe, yana kiu:
yamwagie maji uone yanavyofoka!
Miezi sita nimeyaloweka shimoni
nikiyakoroga kila Ijumaa.
Wanangu wanasema nanuka chokaa hata Idi.

Lakini usidhani nakurudishia nyumba ya babu yako.
Mvua aliyoijua yeye ilikuwa na adabu,
ikibisha hodi wiki nzima kabla ya kuingia.
Hii ya sasa inavunja mlango.
Milizamu yake miwili haitoshi, nitatoboa minne,
na kizingiti nitakipandisha shibiri mbili.
Birika lile chini ya ngazi, ulilojaza magunia na baiskeli mbovu,
litoe vitu. Maji ya paa yatashukia humo.
Utayahitaji Oktoba, bomba linapokohoa hewa.

Na joto? Njoo kwangu uone.
Bati langu nimelivika makuti, kanzu juu ya shati.
Mtaa ulicheka, wakaniita fundi wa kurudi nyuma.
Novemba, bati zao zinapolia mchana kwa kutanuka
na watoto wao wanaganda na shuka kwa jasho,
wanakuja na mikeka yao, hawacheki,
wanauliza tu kuti moja shilingi ngapi.

Haya. Weka sikio hapa, nikigonga.
Unasikia? Panaitika kama mtungi.
Saruji imekwishaachana na jiwe siku nyingi,
wamebaki kusimama pamoja kwa ajili ya majirani.

Tafuta na wewe kigongo.
Somoe analeta wanawake sita,
wawili hawajawahi, watakosea, watafundishwa.
Sakafu haipigwi na mtu mmoja.

Kuhusu malipo, usithubutu kwenda kwa wa kangomba.
Nitasubiri mnada.
Uza korosho zako zikiwa korosho,
kwa bei yake, uhesabu mwenyewe,
ukatoe kwanza mifuko kumi na minne.
Kinachobaki ndicho tutakachokiongea.

Sogeza hicho kitanda.