Tanbihi ya Arobaini na Moja

Khasab, mwezi wa saba. Kiyoyozi kinakohoa.
Nje, mbuzi wanatafuna maboksi ya duka la simu.
Mezani nimetandaza mlangobahari mzima,
karatasi mbili na nusu kwa upana,
nimeubana kwa rula na kikombe cha kahawa.

Mada yangu: haki ya kupita.
Kifungu cha thelathini na nane
chairuhusu meli kukatiza koo hili la dunia
pasipo kuomba, pasipo kuzuiwa,
mradi isisite, isikawie njiani.

Mama yangu, mzaliwa wa Wete, mkazi wa Ruwi,
alinifunza kinyume chake:
mlangoni pa watu hapapitwi kimya.
Piga hodi. Mara ya tatu usipojibiwa, rudi.
Nilimwandikia hayo msimamizi wangu, kwa mzaha.
Dakta Raya akajibu kwa mstari mmoja:
*Hodi si chanzo cha sheria.*

Kisha ile meli.
Ilisita. Ikakawia.
Jina jipya limepakwa juu ya jina la zamani,
na la zamani linachungulia kama kanga chini ya buibui.
Bendera yake ni ya nchi isiyojua ladha ya chumvi.
Mwenyewe ni sanduku la posta.
Bima ni namba inayoita, ikaita, ikachoka.

Karani wa bandari ndiye aliyenipa simu ya mpishi.
Shekue, mtu wa Pangani.
Alipiga usiku, chaji ilipopatikana:
“Dada, si umesomea sheria wewe?
Inasemaje, mtu akidai mishahara ya miezi kumi na mmoja
na amebakiwa na vitunguu vinne?”

Nikafungua cha tisini na nne, wajibu wa dola ya bendera,
nikamsomea, nikikitia Kiswahili papo kwa papo,
nikijikwaa kwenye “mamlaka”, nikirudia.
Akanyamaza. Nikasikia jenereta ikikoroma.
“Maneno mazuri hayo,” akasema.
“Kama kadi ya harusi ya watu nisiowajua.”

Alikuwa akihesabu manowari. Kumi na tisa kwa wiki hiyo.
“Zinatumulika, zinakwenda zake.
Sisi si tishio, dada, ndiyo maana hatuonekani.
Tungekuwa na kombora moja tu, hata bovu,
wangekwisha kutuitia mkutano.”

Alfajiri moja akaniletea ujumbe, bila salamu:

*Mlango umefunguka, kwa mafuta na risasi,*
*vinapita bila shaka, vyenda mbio vyenda kasi,*
*nami hapa nimeshika, chungu kitupu cha tasi,*
*uliza wenye nyaraka: mtu ni kifungu gani?*

Niliuliza.
Niliandika barua sita, moja kwa Kifaransa cha kuazima.
Nikajibiwa mbili: moja ya kunishukuru,
moja ya kunielekeza kwa yule aliyenishukuru.

Sura ya nne ilirudi na wino mwekundu.
*Kisa si ushahidi. Mpishi huyu mshushe chini.*
Nikamshusha.
Herufi saizi ya nane, chini ya mstari,
kati ya ripoti ya mapipa na hukumu ya zamani.

Mwezi wa tisa nilifungua dirisha, maji yalikuwa matupu.
Karani alisema imevutwa usiku. Na nani? Akainua mabega.
Simu ya Shekue haipatikani.
Nimeizoea sauti ya yule mwanamke wa mitambo
kuliko ya shangazi zangu.

Siku ya kutetea tasnifu, Maskati,
waliniuliza juu ya mafuta, mabomu ya baharini,
desturi ya mataifa na lini huwa sheria.
Nilijibu vizuri. Nilipewa maua.
Hakuna aliyeuliza ya arobaini na moja.

Nakala ipo maktaba, ghorofa ya pili, jalada la kijani.
Ukurasa wa mia na kumi na mbili, chini kabisa,
herufi kama sisimizi kwenye kopo la sukari.
Ukifika hapo usipite kimya.
Piga hodi.
Mara ya tatu usipojibiwa,
usirudi.