Vua Kofia

Mchana, nyuma ya soko la Mbuyuni,
nawaambia wateja: vua kofia, tazama hapa, usicheke.
Pasipoti nne, elfu tatu.
Uso wa mtu unatosha kufumba na kufumbua.

Usiku napanda juu ya zege la ghorofa lisiloisha,
na betri ya pikipiki, na vibao viwili vya bawaba,
na mota niliyoing'oa kwenye printa mbovu
ili kamera igeuke polepole, sawa na dunia.

Moshi haulali.
Kituo cha mafuta kinawaka kama harusi,
mkesha wa injili una taa zake, baa ya Shirima ina zake,
na anga lote limekuwa chai ya maziwa iliyopoa.
Humo natafuta punje moja ya sukari:

galaksi, kule kwenye Mashuke,
ina ukingo mpana kama kofia ya pama.
Kwa jicho siioni. Nabonyeza tu.
Sekunde thelathini. Tena. Sekunde thelathini. Tena.
Picha mia mbili na kumi, nizipange moja juu ya nyingine
kama chapati.
Haba na haba, sawa, ila kibaba chenyewe kinavuja.

Nuru hiyo iliondoka kwao
mlima huu haujawa hata kichuguu.
Miaka milioni thelathini njiani, haijajikwaa popote,
inakuja kufia kwenye taa za Shirima,
hatua mbili kabla ya mlango wangu.

Juzi saa sita umeme ukakatika.
Mtaa ukaguna. Mimi nikapiga kofi, peke yangu.
Nyota zilimwagika kama dengu sakafuni.
Niliacha kuhesabu picha.

Kisha chini nikamsikia Ndelilio
akifungua friji, akiifunga, akiifungua,
akihesabu mifuko ya maziwa kwa sauti ndogo.
Mungu wangu, washa.
Na mimi, juu ya kichwa chake: bado, bado kidogo.

Ulirudi saa kumi na moja.

Asubuhi nikanunua lita tatu, zimeshaanza kuchacha,
sikuuliza bei. Nikamwonyesha kwenye kioo:
doa la kijivu, mstari mweusi katikati.
"Nini?"
Kofia.
"Ya nani?"
Nikababaika.
Akashika ncha ya kanga, akafuta kioo, akidhani vumbi.
Akatazama.
Akafuta tena.