Asiyejulikana

Tulikuwa uani, Simbo, tukichambua chikichi.
Kaka Ntabaye katuletea mke toka masomoni, Halina,
shingo nyekundu, kisu kakishika kinyume.

Mama: "Kwenu mke wa mwana anaitwaje?"
"Nevistka."
Na maana?
Mafuta yakamchirizika hadi kiwikoni, akifikiri.
"Wazee wetu husema: asiyejulikana."

Mama akaguna.
Jina gani hilo, la kumpakulia mtu ugali?

Mimi nikamkumbuka mwali wetu sisi,
siku saba ndani, kanga toka utosini hadi kidevuni,
na hela za kumfunua uso.

Halina akaendelea, dole gumba likihesabu:
ndugu wa baba ana lake, stryi,
ndugu wa mama lake, vui, usiwachanganye.
"Baba mdogo! Mjomba!" Mama kacheka hadi ungo ukainama.
"Kumbe na huko wanajua nani hudai mahari."

Ntabaye tumemzika, mwaka wa tisa huu.
Mama macho yamekwisha.
Usiku hukohoa, kisha huita, wala si mimi aliyenizaa:
"Mwiteni yule asiyejulikana.
Ndiye anayejua dawa zangu zilipo."