Mfupa wa Moyo

Tulikuchemsha siku tatu katika pipa la mafuta,
nyuma ya maabara, huku Kasapa.
Makala magunia mawili na nusu; nusu nyingine
Kisimba aliibeba kwake, nasi tukanyamaza.
Ulikuwa ng'ombe wa shamba la chuo,
sikio la kushoto namba arobaini na moja,
jina Bijuu, maziwa haba, mateke tele.

Nyama yako waligawana wafanyakazi.
Mshahara wa Machi haukuja. Ulikuja wewe.

Siku ya nne tukakumwaga juu ya bati,
ukawa rundo.
Nami nilidhani ng'ombe ni kitu kimoja.

Kisimba hana cheti. Ana kidole gumba kinachosoma.
Anafumba macho, anaokota pingili, anapapasa:
"Shingo, ya tatu."
"Mgongo, ya tano. Mwiba wake umelala, unatazama mkia."
Profesa huitaja kwa Kilatini, Kisimba kwa Kibemba,
mimi naandika kwa Kiswahili,
maana ndicho nitakachomwambia mwenye mbuzi kule Kipushi
siku mguu utakapovunjika.

Mbavu kumi na tatu huku, kumi na tatu huku.
Taya la juu, mbele, hamna jino hata moja:
kumbe nyasi zote zile
ulizikata kwa ulimi, meno ya chini, na fizi.

Nikatafuta mtulinga.
Nikapindua bati, nikachungulia pipani.
"Usijisumbue, Chola. Hana."
Mguu wa mbele haukushikizwa popote kwa mfupa.
Kombe la mkono liliegemea ubavu tu,
likaning'inizwa kwa nyama,
na kifua kizima, na shingo, na pembe zile
zikabebwa na nyama,
nayo nyama tumeshaila.

Baba yangu anayo mitulinga miwili.
Wa kulia ulivunjika shimoni, ukaunga vibaya,
una fundo kama kamba iliyofungwa gizani.
Mvua ya Oktoba humpigia hodi pale kwanza.
Nikapenyeza mkono chini ya koti jeupe,
nikaugusa wangu, mwembamba, mzima.

Waya ni wa shaba.
Ulinunuliwa kwa kilo, Ruashi, bila risiti;
muuzaji hakututazama usoni.
Wiki ile Katuba nzima ililala gizani,
Mama akapiga pasi ya makala, akalaani mezi asiowajua.
Sikumwambia kitu.
Nilitoboa, nikapitisha, nikasokota,
pingili kwa pingili, mpaka mkiani.
Huenda taa yetu imo mgongoni mwako, Bijuu.

Ukasimama.
Kisimba akakuzunguka, akahesabu, akahesabu tena.
"Umebaki wa moyo."
Nikacheka. Hakucheka.
Ng'ombe, alisema, ana mfupa ndani ya moyo,
mdogo, umepinda kama ukucha uliokatwa.
Mbwa hana.
Mtu je?
Akapuliza vumbi kwenye fuvu. "Wa mtu sijauona."

Tukachuja supu kwa chandarua. Hamna.
Moyo ulikuwa umekwenda na mafungu,
fungu la Mama Ngosa, anayefagia veranda.

Jumatatu akaja, ufagio kwapani,
karatasi ya mtihani imekunjwa mara nne.
"Kitindamimba alidhani kokoto. Nusura avunje jino.
Nikasema hiki ni chao wale wa mifupa."
Mweupe, umenyonywa,
safi kuliko yote tuliyoichemsha.

Hauna pa kushikizwa.
Tumeutundika kwa uzi mmoja wa shaba katikati ya mbavu.
Malori ya madini yakipita usiku
mifupa mingine yote hutulia, wenyewe hutikisika.

Nimeandika kibandiko:
*Mfupa wa moyo. Umeletwa na Mama Ngosa,
nyumba ya watu saba.*
Profesa anataka niongeze Kilatini.
Karatasi imejaa.