Taa Baridi

Dada yangu Sirkka ni muuguzi wa majumbani.
Huzunguka usiku na mkoba wa dawa
kutoka Savukoski hadi nyumba za mwisho,
pale barabara inapochoka kuwa barabara.
Desemba huku jua halichomozi.
Mchana ni samawati ya saa mbili tatu,
kisha giza linarudi kazini.

Alinipigia simu: "Ilpo, naendesha
kama mtu anayechungulia ndani ya chungu.
Mita arobaini, basi.
Jana kulungu wa theluji alinitokea ubavuni,
nikahesabu kope zake."
Corolla yake ni kuukuu, taa za mbele
manjano ya siagi iliyosahauliwa mezani.

Nikanunua balbu za LED, jozi,
kwa bei ya buti zuri la mguu mmoja.
Nikazifunga uani, nyuzi ishirini chini ya sifuri,
glavu mdomoni, tochi kwapani,
klipu ya waya ikining'ata kucha.
Zile za zamani nilizitoa kwa kitambaa,
maana kioo cha halojeni hakitaki kidole:
mafuta ya ngozi hubaki pale, yakaungua,
balbu ikafa kabla ya siku zake.
Nikazitia katika soksi ya marehemu baba,
sijui kwa nini soksi ile,
nikaisukuma ndani ya dashibodi.

Sirkka alipowasha,
ukuta wa banda ulitoka gizani na misumari yake yote.
Tuliona hata jina nililolichonga nikiwa na miaka tisa,
na herufi niliyoisahau.
Akacheka. "Sasa naona mpaka Jumatano!"

Wiki nzima alinisifia.
Nyayo za sungura, macho ya mbweha
yakiwaka mbali kama sarafu mbili.
Dereva mmoja wa lori la magogo alimpigia ful kwa hasira.
Na Mzee Taisto, anayengoja sindano yake kila usiku,
alisema: "Nilidhani malaika,
kumbe ni wewe."

Kisha ikaja theluji ile ya majimaji, inayonata.
Saa nane usiku, msituni,
mwanga ulianza kupungua,
polepole, kama mtu anayesinzia huku akikuitikia.
Akadhani ni betri. Akadhani ni macho yake.
Akasimama, akashuka.

Taa zilikuwa zinawaka.
Zinawaka kabisa,
nyuma ya theluji yenye unene wa mkate,
nyeupe ndani ya nyeupe.
Mwanga wote ule,
na joto la kuyeyusha hata chozi hauna.

Akafuta kwa mkono. Kilomita mbili. Akafuta.
Kilomita moja. Akafuta.
Mara ya tisa akanipigia.
"Zile za zamani uliziweka wapi?"
"Kwenye soksi ya baba."
Akanyamaza. Nikasikia waipa zikihesabu.
"Usiguse kioo," nikasema.
"Mimi ni muuguzi, Ilpo."

Alivaa soksi mkononi kama glavu
akazishika balbu kwa kisigino cha baba,
nami kitandani nikimwelekeza:
klipu chini, sukuma, zungusha kushoto,
hapana, kushoto kwako.
Akatukana mara moja, vizuri.
Kisha: "Imewaka."

Baadaye alinieleza alivyosimama pale kidogo
akitazama theluji ikitua kwenye kioo cha taa,
ikifikiri kidogo,
ikawa maji, ikateremka.
"Mita arobaini," alisema.
"Kwa Taisto ni kilomita sita.
Nitazimaliza arobaini arobaini."

Zile nyeupe zipo hapa dirishani kwangu.
Ni nzuri, sikatai.
Nimemwahidi nitamrudishia mwisho wa Mei,
theluji ikishaisha.
Alinitazama tu.
Mwisho wa Mei, huku kwetu,
usiku hauji.