Udongo Ungali Maji

Udongo uwahi ungali maji:
aliyesema hivyo alikuwa mfinyanzi,
chungu ndicho alichokiwaza, si kabichi.
Hakupata kusimama Fermanagh mwezi wa pili
ndani ya viatu vya mpira vya marehemu kakaye,
namba mbili zaidi ya mguu wake,
akahisi ardhi ikimshika kisigino
kama mdai aliyemkuta mlangoni.

Bronagh alisimama hapo.
Robo ekari, mteremko kuelekea ziwani,
udongo wa kijivu wenye buluu ndani,
wa kuzibia bwawa,
na juu yake kila kilichojipanda chenyewe:
matete membamba, sangari,
yale maua ya njano yanayotambaa kwa viwiko,
na mkia-wa-farasi, gugu lililokuwapo
kabla ya mtu wa kwanza kuumwa mgongo.

Siku ya kwanza alikosea.
Alichukua sepetu akachimba asubuhi nzima
kwa hasira, maana Cathal alikufa Novemba
na hakuna aliyemwambia kwamba huzuni
kazi yake ni kutafuta mpini.
Kila bonge lilitoka liking'aa,
limepigwa pasi na chuma, kama kipande cha sabuni.
Likaja jua siku tatu
(jua la huko, lisilokausha hata soksi)
na upepo. Mabonge yakawa matofali.
Akaligonga moja kwa nyundo.
Likamjibu.

Sorcha, tarishi, akiwa bado juu ya baiskeli:
"Finya donge, liachie toka kiunoni.
Likipasuka, chimba.
Likikaa kama yai,
ingia ndani ukanywe chai."

Likakaa kama yai.
Akanywa chai Jumatatu. Akanywa Jumatano.
Kati ya chai na chai akatandaza maboksi,
la mashine ya kufulia, la televisheni, la viti vya kanisa,
akayalaza juu ya magugu,
akayalemea kwa mawe na samadi ya ng'ombe,
akaweka ubao wa kupitia,
kwa kuwa unyayo mmoja katika udongo huu
hukumbukwa hadi Agosti.

Lakini maji hayakwenda.
Kona ya chini, penye matete, yalikaa tu
yakitazama mbingu zilizoyaleta.
Haya ni ya mvua ya lini? akauliza,
akaufuata unyevu kwa jembe uma, shibiri kwa shibiri,
hadi meno yakagusa kitu kisicho jiwe.
Bomba.
La udongo. La udongo huu huu,
uliochomwa ukazikwa tena kwao
na mtu ambaye jina lake halimo hata makaburini.
Kumbe mfinyanzi alipita hapa.

Akalala kifudifudi, shavu topeni,
akapeleka mkono hadi begani,
akashika mizizi ya mti wa jirani, ule upendao maji,
akavuta. Ikaja yote,
msuko mweusi wa urefu wa mtu,
na bomba likakohoa mara moja, mara ya pili,
likaanza kusema.

Hakulia. Alikalia ndoo akasikiliza
maji ya miaka kumi yakiulizia ziwa.

Sikukuu ya Mtakatifu Patriki ikapita
bila kiazi ardhini,
jambo ambalo Cathal asingelisamehe.
Tarehe tisa Aprili donge lilipasuka;
si vizuri sana, vipande vitatu na unga kidogo.
Akafungua nusu tu ya shamba.
Nusu ya pili ikabaki chini ya maboksi,
na mkia-wa-farasi ulishatoboa
katikati ya picha ya mashine ya kufulia.

Alipanda maharage mapana, safu mbili,
njegere kando ya ubao,
na liki, ambazo yeye hazipendi.
Kisha akarudi ndani, akavaa soksi jozi ya pili,
na viatu vikaacha kumtoka.