Aliyelala Ghalani

Nililaumu mabuti.
Mabuti ya mpira aliyoazima kwa Mchopa msimu wa salfa,
yenye jasho la watu watatu,
yaliyomchubua mdogo wangu Chingwile katikati ya vidole
hata ngozi ikawa nyeupe, ikinuka kama muhogo ulioloweshwa.
"Fangasi wamepandia hapo," nikasema,
"wakakwea magoti, wakakwea kiuno, wakafika kichwani."
Daktari wa zamu pale Ndanda akatikisa kichwa:
wale wa vidoleni ni wapangaji wa uani,
hawana ufunguo wa nyumba kubwa.

Wakamkunja kama jongoo, magoti kifuani.
Sindano ikaingia mgongoni, maji yakaruka
kama bomba la kijijini siku likikumbuka kazi.
Bwana wa maabara akadondoshea wino mweusi.
"Dada, chungulia."
Usiku. Na ndani ya usiku, miduara,
kila mmoja umejivika joho la mwanga,
mingine ikichipuza kitoto ubavuni.
Nilitaka kusema ni mizuri. Nikanyamaza.

Sisi wa Tandahimba tunaujua ubwiriunga.
Huja na umande wa Julai, ukapaka unga maua ya mkorosho,
nasi tukaufuata mti kwa mti, bomba mgongoni, salfa machoni.
Adui yule ana rangi. Ana bei ya mfuko.

Huyu alikuwa kwenye kenchi za ghala la chama cha msingi
ambako Chingwile alilinda magunia miaka minne
na njiwa wakamnyea bila kinyongo.
Kila alfajiri alifagia, vumbi likapanda, akapumua.
Basi.
Pafu likampa mgeni kigoda,
naye akakaa, hana haraka,
akiwahesabu askari wa mlangoni.

Na askari wakapungua.
Sikulijua hilo hadi nilipoinua godoro kutafuta kadi ya bima
nikakuta kadi nyingine, na kopo la vidonge
la mwaka juzi, limejaa pomoni.
Ulimficha nani, Chingwile?
Mimi niliyekubeba mgongoni kwenda kuchota maji?

Ndipo mgeni akainuka akashika njia ya damu,
njia isiyo na kizuizi wala mtu wa ushuru,
akapita ini, akapita moyo, hakugeuka,
akaingia kichwani
akajenga.

Siku ya tisa ya dripu amefumbua macho dirishani,
mwanga haukumliza.
Shingo bado gumu kama mpini.
"Njiwa bado wapo?"

Wapo.
Jana nilikwenda kufagia mwenyewe,
kanga puani mizunguko miwili,
na kabla ya fagio nikamwaga dumu zima la maji ya kununua.
Watu wa mnadani wakasimama:
kwenye kiu hii yote, mwanamke anamwagilia saruji!

Nikamimina la pili.